Lipeni au Futeni: Barua ya Wazi Kuhusu X ya Kijani

Kwa Waheshimiwa mnaosimamia barabara, ardhi na hazina ya nchi yetu, Tanzania,

YAH: NYUMBA ZILIZOWEKEWA ALAMA YA X YA KIJANI

Waheshimiwa, salaam.

Ninaandika nikiwa barazani kwa mama yangu, nyumba ambayo ukuta wake wa mbele uko mita 24 kutoka katikati ya barabara kuu. Kipimo hicho nakijua tangu asubuhi moja ya Oktoba 2011, vijana wawili walipokuja na tepu, kopo la rangi na brashi. Mama alikuwa anapepeta mchele. Walimwamkia vizuri, akaitika. Mmoja akasimama katikati ya lami, mwenzake akaja akivuta tepu mpaka kwenye ukuta wa sebule, wakaitana namba, na kabla mama hajautua ungo, X ilikuwa imeshachorwa kando ya dirisha, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Mama akauliza, "Wanangu, mnaandika nini kwenye nyumba yangu?" Kijana mwenye brashi akamjibu kwa upole: "Usiwe na wasiwasi, mama. Yako ni ya kijani. Utalipwa."

Wasioishi kando ya barabara kuu huenda hawaijui lugha hii ya rangi. Kwa miaka mingi hifadhi ya barabara kuu ilikuwa mita 22.5 kila upande ukipima kutoka katikati, jumla mita 45. Ndivyo sheria ya zamani ilivyoeleweka na ndivyo watu wa ardhi walivyopima viwanja. Ikaja Sheria ya Barabara Na. 13 ya mwaka 2007 pamoja na kanuni zake, hifadhi ikawa mita 30 kila upande, jumla 60. Barabara haikusogea hata shibiri. Uliosogea ni mstari. Aliyekuwa ndani ya zile 22.5 za zamani akapata X nyekundu: amejenga kwenye hifadhi, aondoke bila fidia. Aliyekuwa kati ya 22.5 na 30 akapata ya kijani: huyu hakuifuata barabara, barabara ndiyo iliyomfuata, naye anastahili kulipwa.

Sisi barabara ilitufuata. Ofa ya kiwanja chetu ni ya 1994. Ramani ya nyumba ina muhuri wa kibali cha ujenzi wa 1996. Bikoni mbili za mbele zipo hadi leo, moja imefunikwa na michongoma, nyingine watoto huikalia wakisubiri daladala, na zote mbili ziko kwenye mstari wa mita 22.5. Marehemu baba akarudi nyuma mita moja na nusu zaidi ili apate baraza. Alikuwa mtu wa kufuata masharti. Fundi alipotaka kuanza msingi kabla muhuri haujatoka, baba alimsimamisha miezi minne, na katika miezi hiyo saruji yetu mifuko kumi na moja ikaganda stoo. Nilikuwa mdogo, lakini nakumbuka tulivyoibeba kwenda kuitupa.

Kiwanja ni mita 20 kwa 30. Mstari mpya unameza mita 7.5 za mbele, yaani mita za mraba 150, robo nzima ya kiwanja. Na si robo yoyote. Mtu mwenye nyumba barabarani anaishi kwa upande wa mbele. Ndiko ziliko fremu zetu mbili za maduka, ndiko anakopita mteja. Nyuma kuna jiko, choo na mti wa mwembe. Ndani ya nyumba mstari unaingia mita sita na kupita katikati ya chumba cha mama, kwa hiyo kitanda kiko upande wetu na kabati la nguo liko barabarani.

Waheshimiwa, najua jibu mtakalotaka kunipa, maana limerudiwa bungeni mara nyingi kila mbunge anapouliza habari za X ya kijani: wananchi hao watalipwa pale Serikali itakapolihitaji eneo kwa ajili ya kupanua barabara. Kwa sasa wavute subira. Hakuna aliyebomolewa, hivyo hakuna kilichotwaliwa.

Hapo ndipo ninapobishana nanyi, na ndiyo sababu ya barua hii. Kilichotwaliwa kipo. Kilitwaliwa siku ile ile rangi ilipokauka.

Kumiliki nyumba si kulala ndani yake tu. Mpangaji naye analala ndani. Mwenye nyumba ni yule anayeweza kuitengeneza, kuiongeza, kuipangisha kwa muda anaotaka, kuiweka rehani, kuiuza akipata shida na kuwaachia wanawe akifa. Ondoeni hayo moja moja, mwone kinachobaki. Mwaka 2014 nilikwenda na mama benki kuomba mkopo wa kumlipia mdogo wangu ada ya chuo, hati tukiwa nayo. Mthamini alikuja, akazunguka nyumba, akapiga picha nne. Ya tatu ilikuwa ya ile X. Hakuuliza tena swali. Wiki iliyofuata tuliambiwa dhamana yetu haipokeleki. Mdogo wangu aliahirisha mwaka, na mwaka huo haukurudi.

Mpangaji wa fremu ya kwanza alikuwa anauza vipuri vya pikipiki. Alitaka kuweka rafu za chuma na kumwaga sakafu upya, gharama zake mwenyewe. Akauliza swali moja la haki kabisa: nikiweka, nitakaa miaka mingapi? Mama hakuwa na jibu, mtendaji hakuwa na jibu, na ofisi tuliyoandikiwa twende kuuliza ikatuambia tusubiri utaratibu. Kijana akahamia upande wa pili, kwenye jengo lililo nyuma ya mstari. Tangu hapo hatupati mtu wa kulipa kodi ya miezi sita wala ya mwaka. Tunapangisha mwezi kwa mwezi, kwa watu wanaojua kwamba sisi hatuna pa kukataa.

Tukaomba kibali cha kubadilisha kenchi za mbele zilizoliwa na mchwa. Tukaambiwa kwa mdomo kwamba eneo la hifadhi haliruhusiwi kuendelezwa. Tukaomba tuandikiwe hivyo. Hatukuandikiwa.

Sasa nawaomba mtazame karatasi ndogo inayotoka mama anaponunua umeme. Tangu Julai 2021 kodi ya jengo hukatwa kwenye LUKU. Ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, mwaka 2023 ikawa 1,500. Mama hajawahi kulalamika, na mimi silalamikii kodi. Shule na zahanati hazijengwi kwa maneno. Ila naomba Waziri mwenye dhamana ya hazina anielewe. Hakuna mwezi ambao mama alikatiwa kodi pungufu kwa sababu sehemu ya jengo lake ni hifadhi ya barabara. Kwenye kukusanya, nyumba inahesabiwa kuwa nzima na ni yake. Kwenye kukopesha, kukarabati na kupangisha, inahesabiwa kuwa nusu na ni ya barabara.

Mimi si mwanasheria. Nimesoma sheria hizi kwa shida, jioni baada ya kazi, nikiuliza watu. Lakini nimezisoma. Ibara ya 24 ya Katiba yetu inampa kila mtu haki ya kumiliki mali, na inapiga marufuku mtu kunyang'anywa mali yake bila idhini ya sheria inayoweka masharti ya kutoa "fidia inayostahili". Sheria ya Ardhi Na. 4 ya 1999 imekwenda mbali zaidi. Miongoni mwa misingi yake mikuu, kifungu cha 3, imesema fidia iwe kamili, ya haki na itolewe kwa wakati, na haikusema ilipwe kwa anayefutiwa haki yake peke yake. Imemtaja pia yule ambaye haki yake imeingiliwa na Serikali kwa namna nyingine yoyote ikamletea hasara. Nimerudi kwenye maneno hayo mara nyingi. Waliotunga sheria ile walijua kwamba mtu anaweza kupokonywa bila trekta. Walijua kuna kuingiliwa. Kama X iliyokaa ukutani zaidi ya miaka kumi, ikafukuza benki, wapangaji na mafundi, si kuingiliwa, basi sijui maneno yale yaliwekwa kwa ajili ya nani.

Nayo Sheria ya Barabara yenyewe, ile ile ya 2007, haikusema watu wachukuliwe bure. Kifungu chake cha 16 kinamtambua mwenye ardhi inayohitajika kwa ajili ya barabara kuwa anastahili fidia kwa mujibu wa sheria za ardhi. Na Sheria ya Utwaaji Ardhi ya 1967, pamoja na ukali wake wote, inataka utaratibu: Rais aseme anaihitaji ardhi kwa manufaa ya umma, wenye maslahi wapewe notisi, itangazwe kwenye Gazeti la Serikali. Rangi si notisi. X haina tarehe, haina saini, haina namba ya rufaa. Mama angepewa barua, hata mbaya, angekuwa na kitu cha kupeleka mahakamani.

Kuna kesi ambayo kila anayeshughulika na ardhi nchini anaifahamu, nami naomba niwakumbushe kwa sababu inafanana na yetu kuliko inavyoonekana. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wa kijiji cha Kambi ya Simba huko Mbulumbulu, walifungua shauri Arusha mwaka 1987 kudai ardhi yao ya kimila waliyoipoteza kwa ajili ya Operesheni Vijiji, ile ya kuwahamishia watu kwenye vijiji vya pamoja. Wakashinda, wakarudishiwa ardhi. Mwaka 1992 Bunge likatunga sheria iliyofuta haki za kimila za watu wa namna yao, ikazuia fidia, na hata kuzima mashauri yaliyokuwa mahakamani. Baba na mwana wakarudi mahakamani kwa kutumia Katiba. Serikali ikakata rufaa, Rufaa ya Madai Na. 31 ya 1994, na Mahakama ya Rufani chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali ikasema haki ya kimila juu ya ardhi ni mali inayolindwa na Ibara ya 24, na kumnyima mtu mali hiyo bila fidia ya haki ni kuvunja Katiba. Tena ikakataa hoja kwamba fidia ni ya majengo na mazao tu. Aliyefyeka pori na kuitunza ardhi ameweka jasho, na jasho hilo nalo linastahili kulipwa.

Wale hawakuwa na ofa, hawakuwa na bikoni, hawakuwa na ramani yenye muhuri. Walikuwa na mila na jembe. Mahakama ikasema sheria mpya haiwezi kuifuta haki waliyokwisha kuipata kana kwamba haikuwahi kuwepo. Mama yangu ana mila, ana jembe, na ana muhuri wenu.

Kuna jambo lingine ambalo nadhani halijasemwa vya kutosha, nalo linaniuma kuliko la benki. Sheria ya Uthamini na Usajili wa Wathamini ya 2016 imeweka saa mbili, yaani vipima muda viwili, za kumlinda mwananchi. Mthamini Mkuu wa Serikali akishaidhinisha uthamini wa fidia, malipo yasipotoka ndani ya miezi sita yanaanza kuzaa riba. Ikipita miaka miwili bila malipo, uthamini ule unakufa, unafanywa upya. Ni ulinzi mzuri. Waliotathminiwa na kusahauliwa wanaweza kuushika. Lakini saa zote mbili zinaanza kuhesabu Mthamini Mkuu anapotia saini, na kwenye X ya kijani hakuna saini kwa sababu hakuna uthamini. Mmetuwekea alama bila kututathmini. Kwa hiyo hatuko ndani ya miezi sita wala ndani ya miaka miwili, hatuna riba, hatuna tarehe ya mwisho. Mnaweza kukaa hivyo miaka 40 na hakuna kifungu kitakachowagongea mlango.

Na siku mtakayokuja kutathmini, mtatathmini nini? Kanuni za fidia za 2001 zinataka thamani ya soko. Zinataka pia fidia ya usumbufu, kodi ya pango ya miezi 36 kwa ajili ya makazi, faida ya biashara iliyopotea ya miezi 36, na gharama za kusafirisha tani 12 za mizigo ndani ya kilomita 20. Kwa aliyepata X leo asubuhi na kulipwa mwezi ujao, si haba. Lakini mthamini atakayeingia kwetu ataikuta lipu imedondoka, dari ya sebule imetoboka, kenchi zimeinama, fremu moja tupu na nyingine inakodishwa kwa bei ya kutupwa. Ataandika anachokiona. Thamani ya soko: hakuna mnunuzi. Faida iliyopotea: biashara ilishahama. Gofu litalipwa bei ya gofu, na aliyeigeuza nyumba kuwa gofu ni yule yule anayelipa. Sitaki kuamini kwamba kuna mtu ofisini amekaa akapanga hivyo. Ila hata bila kupangwa, ndivyo hesabu inavyotoka, na kila mwaka wa kusubiri unapunguza deni lenu na kuongeza hasara yetu.

Najua kwa nini hamlipi. Nimejaribu kupiga hesabu yenu. Mita 7.5 kila upande ni mita 15, na kwenye kilomita moja ni hekta moja na nusu. Mtandao wa barabara kuu na za mikoa una zaidi ya kilomita 35,000, kwa hiyo mstari ule wa 2007 uligusa zaidi ya hekta 52,000. Sehemu kubwa ni pori, mashamba na ardhi isiyojengwa, lakini hata kilichobaki mijini ni fedha ambazo hakuna bajeti ya mwaka mmoja inayoweza kuzibeba. Hilo nalikubali bila ubishi. Ninachouliza ni hiki: kama nchi haikuwa na uwezo wa kununua mita 15 kila mahali, kwa nini ilizifunga kila mahali?

Barabara naitaka. Mtu anayeishi barabarani anajua thamani yake kuliko anayeipita kwa gari. Kabla lami haijafika hapa, mama mjamzito alikuwa anabebwa kwa baiskeli ya mkokoteni hadi hospitali ya wilaya. Nimeona pia watu waliogongwa kwa sababu hapakuwa na pa kutembea kwa miguu, na najua mabomba, nguzo na nyaya za mawasiliano lazima zipite mahali. Hakuna hata mmoja kati yetu wa kijani aliyesema barabara isipanuliwe. Tena siwatetei waliojenga ndani ya hifadhi wakijua. Jirani aliyeweka banda la chipsi hatua kumi kutoka kwenye lami alipata nyekundu, na yeye mwenyewe alisema alikuwa anaitegemea. Kinachotuumiza ni kwamba mpita njia haangalii rangi. Anaona X, anasema "hawa ni wavamizi". Wajukuu wa mama wamewahi kuambiwa hivyo shuleni.

Na rangi yenyewe inatutisha. Mwaka 2017 tuliona nyumba zikibomolewa kuanzia Kimara hadi Kiluvya, kando ya Barabara ya Morogoro, ambako hifadhi ilihesabiwa kuwa mita 121.5 kila upande, ili kupisha barabara ya njia nane kwenda Kibaha. Tulikaa mbele ya televisheni hatusemi kitu. Mama aliinuka akaenda nje kutazama ukuta wake, arudi na uhakika kwamba ile yetu bado ni ya kijani. Jua limeichubua, kwa mbali haisomeki vizuri. Miaka michache iliyopita walikuja vijana wengine kuipaka upya. Niliwauliza kama wamekuja na habari za malipo. Walisema wao wametumwa rangi tu.

Waheshimiwa, siwaombi mlipe nchi nzima kwa mwezi mmoja. Naomba mchague, na mkishachagua mseme.

Pale mlipo na usanifu wa kupanua barabara na fedha zinatafutwa, leteni wathamini, idhinisheni, lipeni, chukueni. Tutahama. Pale msipokuwa na mpango wowote ndani ya miaka mitano ijayo, futeni X, tena kwa tangazo la Gazeti la Serikali, mtu arudishiwe kiwanja chake kizima pamoja na haki ya kukiendeleza, na siku mkikihitaji mje kukinunua kama kilivyo siku hiyo. Mita 60 zinahitajika porini ambako malori yanakimbia. Hazihitajiki sawasawa katikati ya kila mji mdogo, hasa pale ambapo mmekwisha kujenga barabara ya mchepuko na malori hayapiti tena mjini. Kama sheria haiwapi nafasi ya kutofautisha, pelekeni marekebisho bungeni. Sheria iliyosogeza mstari kwenda mbele inaweza kuurudisha.

Wekeni daftari la wazi, kila barabara, kila kilomita, kila nyumba yenye X ya kijani, tarehe iliyowekwa na sababu. Nakala ibandikwe ofisi ya serikali ya mtaa. Leo hii nikiuliza nyumba za kijani ni ngapi nchini, sipati wa kunijibu, na deni lisiloandikwa popote halina anayelilipa.

Saa ya riba ianze kuhesabu siku X ilipowekwa, si siku ya saini. Hilo peke yake litaponya mengi, kwa sababu ofisi itakayojua kwamba kila X inazaa riba itapima mara mbili kabla ya kuchovya brashi.

Kwenye uthamini, mtu alipwe kama vile X haikuwahi kuwepo. Mthamini atazame nyumba za jirani zilizo nyuma ya mstari, za umri ule ule na ujenzi ule ule, zinauzwaje na kupangishwa vipi, ndiyo iwe thamani yetu. Na pale ambapo mstari unakata chumba katikati, mwenye nyumba awe na haki ya kusema: chukueni yote. Mita tano za nyumba zilizobaki nyuma, bila ukuta wa mbele na bila fremu, hatuwezi kuziita nyumba.

La mwisho ni dogo, haligharimu hazina hata senti, na ndilo la haraka. Toeni waraka mmoja wa kurasa mbili unaosema mwenye X ya kijani ambaye hajalipwa anaruhusiwa kukarabati: paa, lipu, choo, umeme, mlango. Asiongeze ghorofa, sawa. Lakini asikatazwe kuziba panapovuja.

Mama ana miaka 74. Mwezi uliopita alinunua bati kumi na nne za geji 28 kwa fedha za mchezo wake wa kina mama. Fundi amekwisha kupima kenchi, mbao zimelipiwa, na mtendaji amesema yeye hawezi kuruhusu wala kukataza, tungoje neno kutoka juu. Bati zimeegemezwa ukutani, chini ya ile X, zimefunikwa turubai. Masika yanakuja, na maji yanaanzia kudondokea juu ya kabati. Naomba mnijibu kama tuanze kuezeka.

Wenu katika ujenzi wa taifa,

Binti wa mwenye nyumba, mita 24 kutoka katikati ya barabara